Pinde Mbili za Mzee Maftaha

Mzee Maftaha wa Kiranjeranje alichonga pinde za aina mbili, na ole wako uzichanganye. Wa shabaha ulikuwa mwepesi. Mkono hautetemeki, na papai linalowekwa kulengwa kwenye sherehe za Saba Saba hulikosi. Wa kuwindia ulikuwa mzito, unaumiza bega, lakini mshale wake unazama.

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, nguruwe pori walivamia mihogo yetu. Yunusu, mkwe wa mzee, bingwa wa mapapai, akapewa zamu ya kulinda shamba. Alfajiri akachukua upinde mwepesi.

"Baba, huu haujawahi kukosa."

"Papai halina meno, mwanangu."

Yunusu akacheka. Kiburi cha mtu aliyezoea kupigiwa makofi! Mzee alitamani kumnyang'anya, lakini kwetu mkwe hanyang'anywi kitu mkononi. Akamwacha aende.

Jua lilipochomoza tulisikia yowe moja tu. Mihogo ikatikisika, kisha ikatulia.

Tulimzika Yunusu alasiri. Kesho yake mzee alimuua nguruwe dume aliyemuua Yunusu. Nyuma ya bega, penye moyo hasa, tulikuta mshale wa Yunusu. Ulikuwa umezama kiasi cha ukucha.