Mkono wa Nne-na-Nusu

Karakanani walimwita Mama Gundi, naye hakuudhika, maana kutwa kucha kazi yake ilikuwa gundi. Alilaza mezani bamba jembamba la alumini, juu yake kitambaa cheusi cha nyuzi za kaboni kilicholoa gundi, kisha alumini tena, na tanuri likavioka vyote vikawa ubao mmoja mwepesi: sakafu ya ndege za kubebea wagonjwa. Mumewe alisafisha mabamba chumba cha pili mpaka mauti yalipomchukua. Kidole chake cha pete kiliwahi kuliwa na mashine kikabaki kipande, na wenzake, watu wasioacha jambo lipite, wakambandika jina la Nne-na-Nusu.

Wiki chache baada ya mazishi, mkaguzi alikata kipande cha ubao akakitia kwenye mashine ya kuvuta ili kupima uimara wake. Ubao ulioshikana vizuri hukatika kwa shida, nyuzi zikilia. Huu ulifunguka kimya, kama mlango uliosahauliwa kufungwa. Kwenye alumini tupu palikuwa na alama ya kiganja, kidole cha pete kifupi.

Kipande cha pili kikafunguka vivyo hivyo, mkono ule ule. Na mabamba hayo yalisafishwa mwenyewe akiwa kaburini. Watu wakaacha kuingia chumba cha pili peke yao. Mama Gundi naye aliogopa, lakini moyoni, Mungu amsamehe, alifurahi. Mume wake bado alikuwa anakuja kazini. Akawa anamsalimu kila asubuhi kwa sauti ya chini.

Siku moja, akikandamiza bamba, kidole chake cha pete kilikufa ganzi. Akatazama mkono wake. Alikuwa amevaa glavu za marehemu, alizozitoa kabatini baada ya mazishi. Marehemu alikikunja kidole cha pete cha glavu akakishona kisimsumbue, na yeye alizoea kukunja chake humo ndani. Alizifua hadi zikawa nyeupe pe. Lakini mumewe alizivaa akitengeneza baiskeli, na mafuta yakishapenya uzini hayatoki kirahisi. Penye mafuta, hata kidogo, gundi haishiki.

Akinyamaza, mume atabaki naye, na mgonjwa wa watu atalazwa juu ya sakafu isiyoshikana. Chakula cha mchana kilimshinda. Alimfuata mkaguzi, akaziweka glavu mezani.

"Si yeye, dada. Ni mimi."

Mkaguzi aliuliza kwa upole kama ana hakika.

"Ninayo. Nilitaka tu awe yeye."

Mbao zote alizogusa zikatupwa, glavu zikachomwa, naye akapewa onyo. Ubao wake uliofuata, karakana nzima ilikuja kuutazama ukivutwa. Ukakataa, ukakataa, kisha nyuzi zikakatika kwa kishindo. Alumini na kaboni hazikuachana popote. Watu wakashusha pumzi. Mmoja akatania kwamba Nne-na-Nusu sasa amestaafu rasmi, wakacheka.

Mama Gundi alikichukua kipande akakipeleka kwenye mwanga, akakigeuza huku na huku, akitafuta. Hapakuwa na kitu. Hapo ndipo alipolia kilio ambacho siku ya mazishi hakikumtoka.