Umeme Ukikatika Haujazimwa

Nakumbuka adhuhuri moja pale Nsemulwa, mwanangu, sijamaliza hata mwaka kwenye ndoa na ujuaji umenijaa. Mume wangu alikuwa amekwenda Inyonga kununua asali. Saa ya taa ya nje, ile inayozunguka yenyewe na vijino vyake pembeni, ikiiwasha taa jioni na kuizima asubuhi, ilikuwa imekwama, taa inawaka mchana kutwa. Umeme ulipokatika nikaona nimepata nafasi. Nikapanda kwenye stuli, nikafungua kifuniko kwa bisibisi. Nilikuwa na kijiko cha mafuta ya alizeti pia, ati nilainishe vijino.

Mama mkwe akaingia, ametoka Kasokola na maharage kichwani.

"Umezima swichi kubwa?"

"Mama, umeme si umekatika?"

Alitua mzigo, akaenda ukutani akashusha swichi kubwa, akasimama hapo hapo. Nilichukia, nisikufiche. Nikasema moyoni, huyu mama ananifanya mtoto. Nikaendelea na kazi, vidole vyangu vikigusa waya.

Mara redio ya jirani ikaanza kuimba.

Umeme ulikuwa umerudi mtaa mzima, isipokuwa kwetu. Nikashuka nikakaa sakafuni. Mama mkwe alikuwa analia.

"Mdogo wangu alikufa hivi hivi," akasema. "Na yeye aliniambia umeme umekatika. Nikamwamini, nikaenda zangu jikoni."

Nilimshika miguu nikamwomba radhi. Baadaye akaninyang'anya kile kijiko, akasema mafuta yatashika vumbi na kuikwamisha zaidi. Tulipangusa vijino kwa brashi kavu, akatoka sisimizi aliyekauka. Tukarudisha kifuniko, tukapandisha swichi kubwa, saa ikazunguka.

Sasa mwanangu, saa ya taa yako ikikwama, shusha swichi kubwa kwa mkono wako, hata kama mtaa mzima uko gizani. Waambie wa nyumbani wasiiguse. Pima waya kwa testa, ile bisibisi ya kupimia umeme, uliyoijaribu kwanza penye umeme. Toa vumbi kwa brashi kavu, mafuta yaache jikoni. Ikigoma tena, au ukiona waya umeungua, funga umwite fundi. Na mtu akikuuliza kama umezima, usimnunie. Hujui alimzika nani.

Mungu akulinde, mwanangu. Kila umeme unaporudi, uisikie redio ya jirani ukiwa mzima.