Likelemba ya Kura na Jibu la Mazuku

Admin, jina langu lifiche na picha yangu usiioneshe, kwa sababu watu ninaowasema hapa wote wanaufuata ukurasa wako.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na tatu, nina watoto wawili, naishi Goma. Kazi yangu ni kuwaandikia watu barua na CV kwenye kibanda changu Birere. Hapo ndipo nilipoujua mtandao mmoja wa maswali na majibu. Mtu anauliza, wengine wanajibu. Jibu likipigiwa kura, mwenye jibu anapata pointi kumi. Aliyeuliza akiliwekea alama ya kijani, zinaongezeka kumi na tano. Ukifikisha elfu mbili unapewa mamlaka ya kufunga maswali ya wenzako na kuficha majibu yao. Wateja wangu walianza kuniomba niandike pointi zao kwenye CV, juu ya diploma. Nilikuwa nacheka, lakini naandika.

Kuna bwana mmoja, nitamwita Papa Pointi. Huyo hajui kitu ila anajua kuwahi. Swali halijapoa, yeye ameshajibu, tena kwa herufi nene na vichwa vya habari. Kuku wanaumwa, anajibu. Ushuru wa mpakani Bunagana, anajibu. Mambo ya ndoa anajibu, na mke wake mwenyewe alimkimbia. Yeye ndiye aliyetuletea wazo la likelemba. Likelemba mnaijua, kila wiki wote mnamchangia mmoja. Sisi tulichanga kura. Tulikuwa watu kumi, mdogo wangu wa kiume akiwemo. Wiki ikiwa yako, wenzako tisa wanalipigia kura jibu lako bila kulisoma. Nilijiunga kwa mikono miwili, sitajifanya malaika.

Volkano ilipolipuka tulikimbia, na tuliporudi mtu mmoja aliuliza kwenye mtandao. Nyumba yake imepona, lakini mbuzi wake wawili wamekutwa wamekufa bila jeraha bondeni nyuma ya nyumba. Je, anaweza kurudi kulala na watoto? Yeyote aliyekulia upande wa Lac Vert kama mimi angemjibu. Hayo ni mazuku, hewa mbaya inayotoka ardhini. Haionekani, mara nyingi hainuki, ni nzito, inatulia mabondeni hasa asubuhi kabla ya upepo, na aliyelala chini ndiye anayekufa kwanza. Papa Pointi, ambaye aliingia Goma akiwa tayari na ndevu, aliandika kwamba hewa mbaya hupanda juu kama moshi, kwa hiyo watoto walazwe chini kwenye mikeka na madirisha yafungwe. Ilikuwa wiki yake. Nilibonyeza kura huku nikimsubiri mteja atafute kitambulisho mfukoni. Sikusoma hata mstari mmoja. Aliyeuliza aliweka alama ya kijani, akashukuru, na tangu siku ile hajaandika tena. Labda alipoteza simu. Ndivyo ninavyojiambia.

Ningebaki bila kujua kama si vita. Waasi walipofika mji wa Kiwanja, watu walimiminika huku wakajenga vibanda vya maturubai popote penye nafasi, hata kwenye mabonde ambayo sisi wenyeji hatufungi hata mbuzi. Mama mmoja akauliza swali lile lile, akataja na mahali alipo. Papa Pointi akalifunga kwamba limeshajibiwa, asome pale. Nami nikaenda kusoma pale, nikaliona jibu, nikaiona na kura yangu.

Niliandika jibu la kweli pale pale chini ya lake. Haikupita saa moja, wenzangu wa likelemba, kwa agizo lake, wakalipigia kura za kulishusha, kisha yeye akalificha. Nikampigia simu.

"Mama, weye unataka kuvunja likelemba juu ya mbuzi mbili za mutu?"

Nilimwambia ni watoto, si mbuzi. Akasema mwenye pointi mia tatu hamsahihishi mwenye elfu tatu, akakata simu. Mtu mzima, baba wa watu, anavimba kwa namba tulizompa sisi kwa kidole gumba.

Asubuhi iliyofuata nilipanda pikipiki nikamtafuta yule mama hadi nikampata. Watoto wake watatu walikuwa wanalala chini kama walivyoelekezwa, na kila siku wanaamka wakilia kichwa kinawauma. Nashukuru Mungu kibanda chao kilikuwa ukingoni mwa bonde, si ndani yake. Nilimweleza yote. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza:

"Mama, ule papa iko na pointi elfu tatu. Weye uko na ngapi?"

Nilifunga mshumaa kwenye fimbo, nikauwasha, nikaushusha bondeni. Ukazimika. Nikauwasha tena, ukazimika tena. Hapo ndipo alipowaita watoto, na mchana ule walihamia juu.

Lakini wengine wanafika kila siku, na jibu lile bado liko pale na kura tisa, zote zetu. Wiki ijayo ni zamu yangu. Kwenye mtandao ule, jibu likipata kura tano, mtu mmoja hawezi tena kulificha, na lenye kura nyingi linakaa juu. Nikiondoa kura yangu kwake atabaki na nane. Nikiwapa wenzangu jibu jipya la mazuku watanipigia tisa, hata yeye mwenyewe, kwa sababu hakuna anayesoma. Ukweli utakaa juu, umebebwa na watu wasioujua, na Papa Pointi atabaki na mamlaka yake ya kumfungia mtu mwingine kesho. Njia nyingine ni kuwaripoti wote kwa wenye mtandao. Kura zetu zitafutwa na yeye ataanguka, ila mdogo wangu, aliyeajiriwa kwa pointi hizo, ataanguka naye, na mimi sitaruhusiwa tena kumjibu mtu yeyote.

Nishaurini ndugu zangu, nichukue zamu yangu au niivunje likelemba? Na wewe uliyeniwekea kopa la kupenda kabla hujasoma hadi hapa, ushauri wako siuhitaji.