Mama Ukungu Hafichui Uso wa Mtu

Saa mbili asubuhi, Mama Ukungu ameshavaa hedfoni na anamfukuzia mtu asiyemjua kwenye skrini ya kompyuta. Mtu huyo anatolewa nyumbani kwake na askari wanne, pingu mikononi, kamera imemkaribia kama nzi. Kila akigeuza kichwa kompyuta inampoteza, na Mama Ukungu anarudi nyuma kumtafuta kwa mkono, picha moja baada ya nyingine. Sekunde moja ina picha ishirini na tano. Kipande hiki ni cha sekunde arobaini.

"Elfu moja," anasema bila kugeuka. "Nikikosa moja tu, kuna mtu atasimamisha video hapo hapo aupige picha uso huo kwa simu."

Kazi yake ni kutia ukungu kwenye nyuso za watuhumiwa katika kipindi cha Ijumaa, kile ambacho kamera huingia na askari mpaka vyumbani mwa watu. Ana miaka kumi na moja katika chumba hiki kisicho na dirisha. Jina alipewa na wenzake kwa utani, naye analipenda.

Kipindi kinapendwa kupita kiasi, na shabiki wake namba moja ni mama mzazi wa Mama Ukungu. Ijumaa mzee huyo hapokei simu ya mtu. Ukimuuliza anaona raha gani, hazunguki: nyumba yake ilivunjwa mara mbili, wezi wakabeba hata pasi, na mpaka leo hajakamatwa mtu.

"Pale angalau naona mtu kashikwa," anasema. "Si mwizi wangu, lakini kashikwa."

Ni mzee huyo huyo aliyelifichua kosa la binti yake. Miaka mitatu iliyopita walikuwa wamekaa kochi moja, kwenye runinga akipita mtuhumiwa aliyefichwa uso sawasawa. Mama yake akacheka. "Huyu si fundi viatu wa pale kona? Tazama anavyoburuza mguu wa kushoto."

Binti alikuwa ameficha uso, mguu akausahau.

Fundi yule aliachiwa baada ya siku mbili bila kufunguliwa shtaka. Askari walikosea mtu. Hilo halikuonyeshwa, maana kuachiwa hakuna mbio wala kelele. Mama Ukungu alikwenda kumwomba radhi, akamkuta amekaa bila wateja, mbele yake jozi moja tu ya viatu vya kushona, na hiyo yenyewe ni ya kwake. Fundi hakugomba. Alimwambia, "Dada, mimi watu hawanijui kwa sura. Wananijua kwa mguu."

Mama Ukungu alirudi akilia, na anakiri hivyo bila haya. Tangu siku hiyo anaficha mwendo, mapazia, namba ya mlango, hata sauti ya mtoto anayemwita baba yake. Wakubwa wananung'unika kwamba kipindi kimekuwa moshi mtupu. Yeye anawajibu kwamba heri moshi kuliko kumuunguza asiye na kosa.

Wiki hii maji yamefika shingoni. Binti mmoja, muuzaji wa duka la dawa, alikamatwa huku akilia, na mtayarishaji anataka uso wake uachwe wazi kwenye tangazo la kipindi. Mahakamani hajafikishwa. Kwa upole wake wote, mtayarishaji amemkumbusha Mama Ukungu kwamba mkataba wake unaisha mwezi huu.

Nilimuuliza kama ataacha kazi. Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Nikiondoka, kiti hiki kitakaliwa na atakayekubali. Wakinitaka nje, wanifukuze kwa barua."

Anachotaka ni sheria moja ndani ya kituo: uso usionyeshwe mpaka mahakama iseme, na anayeachiwa apewe hewani sekunde sawa na alizopewa alipokamatwa. Ameshawashawishi wahariri wawili, na mwezi ujao wanaipeleka kwenye kikao, mkataba uwepo usiwepo.

Kwa sasa silaha yake ni karatasi iliyobandikwa ukutani. Ameandika kwa mkono kwamba ameagizwa kuondoa ukungu kwenye uso wa mtu ambaye hajahukumiwa, na chini ameacha mstari wa aliyeagiza kutia saini. Leo ni siku ya tatu, mstari uko mtupu.

"Hatasaini," anasema. "Sura ya binti wa watu anataka ionwe na nchi nzima. Jina lake mwenyewe anaogopa lisionekane kwenye karatasi moja."