Boneti Nyeusi ya Daktari wa Meno

Watu wengi wanadhani kupolishi gari ni kulipaka kitu. Baba yangu mdogo alikuwa akimsikia mteja anasema "nipakie polishi kidogo" anacheka mpaka anatafuta pa kukaa. Kupolishi ni kukwangua. Mkwaruzo haujazwi. Unaipunguza rangi inayouzunguka mpaka yote ishuke iwe sawa nao, kisha mwenye gari anasema limekuwa jipya, kumbe limekuwa jembamba. Kinachopakwa ni waksi, na waksi ni koti la mvua tu: leo unalo, kesho limechakaa, unanunua lingine. Ujuzi wote uko kwenye kujua pa kuachia, na hilo ni shauri la macho.

Sasa macho ndiyo yaliyomkimbia.

Pale gereji alikuwa anaitwa Kioo. Jina hilo hakujipa. Madereva walikuwa wanachana nywele kwenye milango ya magari aliyoyamaliza, na kuna dada mmoja alijipaka wanja akijitazama kwenye tanki la mafuta la pikipiki. Watu walikuwa wanapita gereji tatu barabarani, wote mafundi, wote na mashine zilezile, ili waje kupanga foleni kwa Kioo. Bosi wetu, mtu wa kutafuna kijiti cha meno toka asubuhi mpaka kufunga, aliandika ukutani kwa rangi ya bluu: KIOO YUPO HAPA. Jina la gereji yenyewe aliliandika chini, dogo, kama mtu anayekohoa kanisani.

Ugonjwa wenyewe ni presha ya macho. Hauumi, haupigi kelele, unakula kuanzia pembeni kama panya kwenye mkate. Siku unashtuka, kimebaki kipande cha katikati, nacho kina ukungu. Daktari wa macho alimpa matone, akamwambia kwa upole, kama anayekuambia duka limefungwa, kwamba hayo ni ya kuchelewesha tu. Kilichokufa hakirudi, na kilichobaki nacho kiko njiani.

Waliojua ni watatu: yeye, mke wake Mama Mdogo, na mimi. Mimi nilikuwa muoshaji palepale gereji, kwa sababu diploma yangu ilizimika nusu ya safari kama pikipiki iliyotiwa mafuta ya taa, na yeye ndiye aliyenikokota. Nimerithi jina la mama yake, kwa hiyo hakuwahi kuniita jina. Aliniita mama.

Mama Mdogo alikuwa anamtia matone asubuhi, amemlaza kichwa kwenye mkono wa kochi, na kila asubuhi wimbo ulikuwa mmoja.

"Mwambie bosi wako."

"Nikimwambia nitapolishi nini? Sufuria zako?"

"Afadhali. Zimekosa mtu mwaka mzima."

"Bosi akijua, saa hiyohiyo mashine anampa Chapchap. Unamjua Chapchap? Yule anapolishi gari kama anafukuza kuku."

"Na wewe unapolishi kama nani? Kama mtu anayetafuta chumvi gizani. Usipepese, yanamwagika."

"Mikono yangu inaona."

"Mikono inaona," Mama Mdogo alinigeukia. "Mwambie basi mikono yake ikamsomee barua za shule za wanawe."

Lakini kweli, mikono ilimbeba kwa muda mrefu. Alikuwa anavaa mfuko mwembamba wa plastiki kama glavu na kupitisha vidole juu ya rangi iliyooshwa, na kupitia ule mfuko alisikia vumbi la breki, utomvu, hata kinyesi cha ndege kilichokwisha kuoshwa kikaacha kovu. Mkwaruzo aliupima kwa ukucha: ukucha ukikwama, hautoki kwa mashine, muache mteja azoee. Joto la rangi alilisikia kwa nyuma ya mkono, kama mama anayempima mtoto homa. Ndoo zake zilikaa mahali pamoja siku zote, na ole wako uihamishe moja.

Ambacho mkono hausikii ni utando. Sponji ya mashine ikipita vibaya inaacha miduara myembamba kuliko uzi wa buibui. Ukishika ni laini, ila jua likipiga, gari zima linaonekana kama limesuguliwa kwa stilwaya ya kuoshea sufuria. Hapo ndipo nilipoingia mimi. Nilikuwa napita na ndoo yangu, na palipobaki utando nagonga kwa ukucha, tk, tk, kama mtu aliyejisahau. Yeye alifuata sauti na kurudia pale. Tulifanya hivyo mpaka ikawa kama mazoea ya kupeana chumvi mezani.

Chapchap alinusa kitu, ila pua yake ilimpeleka kwingine. "Kioo siku hizi anapapasa magari kama anatafuta mapigo ya moyo," alisema siku moja mbele ya wateja.

"Nawe ukipapasa kidogo, yako hayatatoka kama yamelambwa na ng'ombe," Baba Mdogo akamjibu, bila kuinua kichwa. Wateja walicheka. Chapchap naye alicheka. Pale kila mtu alijua nani ni nani.

Kisha akaja daktari wa meno na gari lake jeusi.

Gari jeusi halisamehe. Jeupe linakusitiri, la kijivu linakutetea mahakamani, lakini jeusi linakusema hadharani. Daktari wa meno alikuwa mteja wa miaka, mtu mpole, anayeegesha kivulini na kufuta vumbi kwa leso yake mwenyewe. Siku hiyo hakuondoka kama kawaida yake. Alikaa kwenye benchi kusubiri. Bosi naye akanituma mbele nikaoshe lori la matofali, na lori la matofali haliishi upesi. Nilimwangalia Baba Mdogo kwa mbali, akafika kwenye boneti, nami niko kando ya tairi na matope mpaka kwenye nyusi.

Boneti ile ilikuwa na mikunjo miwili, kulia na kushoto, inayotoka kwenye kioo kwenda kwenye taa. Kwenye mikunjo rangi huwa nyembamba kuliko popote, kwa hiyo fundi huibandika tepu ya karatasi ili sponji isiile. Aliibandika yote miwili, nilimwona, kwa vidole, imenyooka utadhani ni rula. Ya kulia ilishika maji ikabanduka na kuanguka chini. Mtu mwenye macho angeiona imelala karibu na kiatu chake. Yeye alikuwa amesimama juu yake.

Akapiga mashine, akazima, akapitisha kidole. Kidole kikasikia kitu chembamba kama ncha ya unywele. Akadhani ni mkwaruzo uliobaki, akarudi na mashine. Kidole tena: bado upo, tena umesogea kidogo. Akarudi. Haukuwa mkwaruzo. Ulikuwa ukingo wa ile rangi angavu ya juu, ambayo alikuwa ameshaitoboa, na kila alipoufuata ulikuwa unamkimbia na tundu linapanuka. Alitoboa ya juu, akatoboa nyeusi, akafika kwenye ile ya kijivu ya chini kabisa. Na ya kijivu ni laini sana. Ni laini kuliko zote.

Nilisikia ananiita, na sauti yake ilikuwa ya furaha.

"Mama, njoo upite mkono hapa."

Nikaja nikijifuta. Upande wa kulia wa boneti nyeusi, juu ya mkunjo, kulikuwa na doa la kijivu, pana kama kiganja, na pembeni yake mzingo wa rangi ulioungua. Kidole chake kilikuwa katikati ya doa.

"Kama shavu la mtoto. Au nasema uongo?"

"Ni laini, Baba."

Daktari wa meno alikuwa ameshainuka. Alikuja akasimama nyuma yetu, akainama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Fundi," akasema, "hiki ni nini?"

Baba Mdogo akageukia ile sauti na kutabasamu. "Hiyo ndiyo kazi yenyewe, daktari. Pita mkono, usione haya. Gari ni lako."

Mashine zote zilikuwa zimenyamaza. Chapchap alikuwa karibu, kitambaa mkononi, na mdomo ule ambao haujawahi kukosa neno hata msibani haukusema kitu. Nadhani kwa huo ukimya wa Chapchap ndipo alipojua. Tabasamu lilibaki usoni kwa muda, limesahauliwa pale, kisha kidole chake kikaanza kuzunguka doa taratibu, kikitafuta mpaka wake.

Bosi alikuja akaangalia. Hakufoka, ningemshukuru angefoka. Alimtoa daktari pembeni, akamwambia boneti itapakwa rangi upya yote na gari atalipeleka mwenyewe mpaka kwake. Kisha akasogeza kwa mguu ile ndoo ya Baba Mdogo, akaiweka njiani, na kusema, "Kioo, nifuate ofisini." Akatangulia bila kugeuka.

Baba Mdogo akamfuata, akaipiga ndoo kwa ugoko, maji yakamwagika mpaka kwenye viatu vyangu.

"Nani kahamisha ndoo?" akauliza.

Ofisini hawakukaa sana. Nyumbani jioni Mama Mdogo alisubiri aseme, na alipoona hasemi akamsemea. "Kakufukuza."

"Hajanifukuza."

"Basi ana utu. Kakuonea huruma."

"Huruma ya nini? Ukutani kaandika jina langu. Wewe umewahi kuona mtu anafukuza kibao?" Akajilaza kwenye mkono wa kochi, akafungua macho tayari. "Nitie dawa."

Mama Mdogo aliinua kichupa, akakirudisha mezani. Halafu akakichukua tena, akamtia. Hakukuwa na wimbo siku hiyo.

Sasa anakaa kwenye kiti getini, ndani ya ovaroli mpya isiyojua polishi. Kazi yake ni kusalimia. Wateja wanafurahi kumkuta, wanamuuliza habari za watoto, wanaingiza magari, na ndani mashine anayo Chapchap. Gari likimalizika linaletwa mbele yake, yeye anainuka, anapitisha kiganja toka kwenye taa mpaka kwenye buti, mteja anatazama kwa heshima kama yuko kwenye ibada. Bosi ndivyo alivyotaka.

Juzi lililetwa gari jekundu la mama mmoja mwenye duka la vitambaa. Mwenyewe alikuwa bado anaongea na simu. Baba Mdogo akalipitishia kiganja, akaniita kwa kidole.

"Jua linapiga wapi?"

"Kwenye boneti."

"Utando upo?"

Nikaangalia. Miduara juu ya miduara, boneti nzima. "Upo."

"Mwingi?"

"Baba, buibui mwenyewe angeona aibu."

Hakucheka. "Mwambie arudie."

"Nimeshamwambia. Anasema Bosi amesema foleni ni ndefu, na mteja wa leo anakutazama wewe, hatazami boneti."

Kiganja chake kikabaki juu ya rangi. Nikadhani atasema kitu, atainua sauti, ataita Bosi. Yule mama akamaliza simu yake akaja akichekacheka, funguo mkononi.

"Haya, Kioo mwenyewe amelipitia?"

"Nimelipitia, mama."

"Basi mimi sina neno. Ningelikagua na macho yangu haya ya kuazima ningeona nini?"

"Limekaa vizuri," akasema Baba Mdogo.

Yule mama akaingia, akafunga mlango, akatoka getini na jua lote limemkalia kwenye boneti. Baba Mdogo akafuta kiganja kwenye paja la ovaroli, ingawa hakikuwa na kitu.

"Kuna lingine linakuja?" akaniuliza.

"Linakuja."

Akabaki amesimama, akilisubiri.