Kuku wa Mabibo kwa Bosi Wangu wa Zamani

Leo nimeagiza chakula nikijua hakiliki, na sijawahi kufurahi mezani namna hii.

Mnamkumbuka bosi wangu wa zamani, mwenye mgahawa hapa Ruangwa mjini? Alinifukuza jikoni kwake kwa sababu nilipika kuku kwa mabibo ya mkorosho. Akasema mbele ya wateja, "Vyakula vyako vya kijijini virudishe Mbekenyera!"

Nikafungua mgahawa na shoga yangu Asha. Kuku huyohuyo ndiye anayetujazia watu.

Leo nasikia bosi naye kamwandika kuku huyo kwenye ubao wake: UBUNIFU WETU.

Nikamwambia Asha, vaa twende.

Tonge moja tu, ulimi ukawa mkavu kama nimelamba gunia. Jamani, mabibo yana ukakasi! Lazima uyaloweke kwanza kwenye maji ya chumvi. Ukumbi mzima ulikuwa unaagiza maji ya kunywa.

Bosi akaja, jasho linamtoka, akaninong'oneza: "Dada yangu, hivi ulikuwa unayafanyaje?"

Nikamjibu kwa sauti, kila meza isikie: "Si ulisema nivirudishe Mbekenyera, bosi? Kaulize huko."

Mtakaosema ningemsaidia, nendeni mkale kwanza. Kuku amebaki mwingi.