Risasi Katika Shamba la Viazi

Baba yangu alikuwa analima viazi kwenye mteremko juu ya Elburgon, pale shamba linapokutana na msitu, jembe lake lilipogonga jiwe dogo lenye uzito wa kushangaza. Lilimetameta kama sufuria mpya. Kufikia Jumapili tulikuwa na kamati ya madini: mwenyekiti, makamu wake, msimamizi wa nidhamu, na mimi, mwalimu wa shule ya msingi, nikiwa katibu. Mwenyekiti alishaanza kutafuta mahali pa kujenga uwanja wa ndege.

Nilitumwa Nakuru kupeleka jiwe likapimwe. Barua ya majibu niliisoma nje ya kanisa baada ya ibada: jiwe lina risasi na zinki. Wengi walinuna, maana walikuwa wameombea dhahabu. Mmoja aliyesimama nyuma alisikia neno moja tu, akaondoka nalo.

Kesho yake askari wawili walifika shambani.

"Mzee, tumeambiwa umechimbua risasi."

"Ndiyo," baba akajibu kwa fahari. "Na zinki."

"Ziko ngapi?"

"Hatujui bado. Zinaendelea mpaka huko chini."

Wakamwamuru akae chini. Niliitwa kutoka darasani, nikapanda mlima mbio na barua mkononi, nikawaeleza kwamba hii ni risasi ya betri ya gari, si ya bunduki. Waliisoma mara mbili. Kisha, ili wawe na hakika, wakachimba mistari mitatu ya viazi, wakaondoka na ndoo imejaa.

Mwishowe akaja mtaalamu wa miamba, mama mpole mwenye nyundo. Alizunguka mlima siku nzima.

"Mzee, mshipa wenyewe wa madini ni mwembamba kama kiganja changu, halafu unaingia msituni," alisema. "Hakuna kampuni itakayokuja. Lakini kipande hiki usipande chakula tena. Risasi ni sumu."

Baba alibaki ameegemea jembe, akitazama pembe ile iliyokuwa ikitupatia viazi vikubwa kuliko shamba lote. Wiki hiyo hiyo akaizungushia seng'enge.

Majirani walipoona seng'enge, mambo yakawa wazi kwao: mzee amepata dhahabu na anaificha. Kamati iliitisha mkutano wa dharura. Mimi, katibu, sikualikwa.